Mtandao wa Mkwe

Ukungu ulikuwa umeshateremka kutoka mlimani Lusungu alipotoka kuanua nguo. Zilikuwa zimeshinda kwenye kamba tangu asubuhi na bado zilikuwa mbichi. Kisondela ndivyo ilivyo, jua ni mgeni asiyekaa. Alikuwa na shuka begani na vibanio mdomoni simu ilipotetemeka kwenye mfuko wa sweta.

Alikuwa Nelson, mumewe.

"Lusu, nimeshuka stendi Tukuyu. Natafuta bodaboda. Umepika nini?"

"Ndizi na maharage. Wahi, mvua inakuja."

"Niwekee karibu na moto. Na mtandao je? Unasumbua?"

"Hausumbui. Ila unawafaa wa nje kuliko wa ndani."

Nelson akacheka, akakata.

Mtandao huo ulikuwa wazo lake. Yeye alifanya kazi Mbeya, nyumbani alikuja mwisho wa wiki, na alitaka mkewe asome masomo yake ya uhasibu bila kuhangaika na vifurushi. Jumamosi iliyopita alikuja na fundi wa Tukuyu mjini, kijana mmoja mcheshi aitwaye Faraji. Kifaa kikafungwa juu kabisa, kwenye mbao za dari, ndani ya sanduku la chuma, pamoja na betri ya akiba kwa sababu umeme wa huku haukawii kukatika. Sanduku likatiwa kufuli. Ufunguo Nelson akaondoka nao. Alisema wezi ni wengi.

Lakini Faraji alipouliza neno la siri, Nelson alikataa.

"Uwe wazi."

"Wazi kabisa, bosi?" Faraji alicheka. "Sanduku umelitia kufuli, halafu mlango wenyewe umeuacha hauna hata komeo?"

"Huwajui majirani zangu. Ukila peke yako wanakununia. Wakikununia wote kwa pamoja, pumzi yao inakufuata kama upepo wa baridi mpaka unaugua. Waache nao wale."

"Haya. Na jina la mtandao?"

Nelson alitazama migombani. Kisha akataja jina la baba yake.

Lusungu alikuwa jikoni. Alisikia, akaangusha mwiko.

Jina hilo yeye hakuwahi kulitamka. Siku hizi wasichana wengi wa Rungwe wameyaacha hayo, lakini bibi yake wa Kisiba alimfunda vizuri, na mzee mwenyewe alikuwa mtu wa kale. Mke wa mwana hamtazami mkwe usoni. Hataji jina lake. Wakikutana njiani, mmoja anashuka, anageuza uso migombani, anangoja mpaka mwenzake apite. Na mzee naye alilishika sharti hilo kwa upande wake. Kabla ya kukata kona yoyote, alikohoa. Mara mbili, kikohozi kikavu.

Koh. Koh.

Lusungu akisikia tu, anatoka njiani. Miaka yote ya ndoa alimjua mkwe kwa visigino, kwa fimbo, kwa harufu ya tumbaku mbichi na majivu yaliyolowa. Sura yake hakuijua. Hata kanisani, kikisomwa kitabu cha nabii mwenye jina lile, yeye alikiita tu "kile kinachofuata Danieli".

Kisha mwaka jana, masika, mchana kweupe, Lusungu akiwa Kisiba anamuuguza mama yake, watu walimkata mzee kwa mapanga katikati ya migomba yake. Walisema amemla mtoto wa mtu kwa uchawi. Lusungu aliporudi alikuta kaburi bichi, na migomba ya karibu na pale ina makovu ya panga, utomvu umeganda mweusi. Nelson alikuwepo nyumbani siku ile. Kila alipoulizwa alijibu vilevile. Walikuwa wengi. Basi.

Kwa hiyo Jumamosi ile, fundi alipomaliza, Nelson aliiunganisha simu ya mkewe kwa mkono wake mwenyewe, ili mkewe asiguse jina. Wengine waliligusa. Kila aliyetaka kuingia alilitafuta jina la mzee kwenye kioo, akaliwekea kidole, na jina likamjibu kwamba amepokelewa. Watu waliolikwepa tangu siku ya maziko sasa waliligusa asubuhi na jioni, wakiwa wamechuchumaa nje ya ua, wakitazama mpira.

Wiki haikuisha. Emmanuel, jirani wa bondeni, aliokotwa migombani, amekufa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekatwakatwa, kuanzia vidoleni kupanda juu, vipande vimelala kwenye matope kama mihogo. Panga lilikuwa kwenye mkono wake wa kulia. Lilikuwa panga lake. Nyayo zilikuwa zake peke yake.

Watu walisema ni gongo.

Jioni hii, nje ya ua, alikuwepo mmoja tu. Ambwene, rafiki wa Nelson tangu utotoni. Alikuwa ametoka kukata ndizi, panga lake limechomekwa ardhini kando yake, simu ameiegemeza kwenye goti.

"Shemeji Ambwene," Lusungu alimwita, "wewe huogopi?"

"Niogope nini? Emmanuel alikunywa sumu ya watu. Mimi nakunywa chai ya maziwa."

"Si ununue kifurushi chako ukatazame mpira kwako, ukiota moto?"

"Shemeji, usinifukuze kama kuku. Wewe una mume Mbeya, mimi nina migomba. Niache nimalizie hizi dakika za..."

Koh. Koh.

Kilitoka kwenye simu yake.

Ambwene alicheka. "Mtangazaji leo ana mafua."

Lusungu hakucheka. Miguu yake ilikuwa imeshashuka kutoka kwenye njia, yenyewe, kabla hajaiambia. Na harufu ikaja. Tumbaku mbichi. Majivu yaliyolowa.

"Shemeji..." Sauti ya Ambwene ilikuwa imepungua, imekuwa mnong'ono. Alikuwa amegeuza simu, anaitazama. Kioo kilikuwa cheusi. "Simu imezima. Sasa nani anakohoa?"

Koh. Koh.

Ambwene akainuka. Aliinuka kama mtu aliyeshikwa kwapani. Mkono wake ukalichomoa panga, na miguu yake ikaingia migombani, huku kichwa chake kikigeuka nyuma kumtazama Lusungu kwa macho ya mtu anayeburutwa. Ukungu ukamfunika mpaka kiunoni. Alipofika pale penye migomba yenye makovu, alisimama. Akanyoosha mguu mmoja mbele, taratibu, kama anayeonyesha kiatu kipya.

Panga likapanda. Likashuka.

Sauti ya kwanza ilikuwa kama ya mgomba unaokatwa, laini, yenye maji. Ya pili iligonga mfupa.

"Tata!" Ambwene alilia, kama mtoto anayemwita baba yake. "Tata, basi! Tata, inatosha!"

Mkono wake haukumsikia. Ulipanda, ukashuka. Damu iliruka ikagonga majani, pa, pa, pa, kama mvua inayoanza. Alikuwa anaomba msamaha kwa mdomo na anajikata kwa mkono, na vitu hivyo viwili havikuwa vya mtu mmoja.

Lusungu aliitupa shuka akakimbia. Hakujua atafanya nini. Alijirusha tu kati ya panga na mguu.

Majani ya mgomba yakafunguka kando ya njia.

Yalifunguka kwa upana wa mtu mmoja, yakajifunga. Harufu ikasogea pembeni. Panga, lililokuwa juu ya kichwa cha Lusungu, likalegea, likaanguka matopeni.

Kimya.

Ambwene alianguka chini, meno yanagongana. Mguu wake chini ya goti ulikuwa umening'inia.

"Usiondoke, shemeji. Usiondoke. Umekuja, amekupisha. Nimemsikia anashuka njia."

"Nani?"

"Unamjua. Wewe bado anakuheshimu." Alimshika kitenge kwa vidole vyenye damu. "Wenye mapanga tulikuwa wawili. Mimi na Emmanuel. Wengine walipiga kelele tu. Lakini mzee alikuwa amejificha, tusingempata. Kuna mtu alisimama mlangoni akatunyooshea kidole alipo. Hakusema neno. Alinyoosha kidole tu."

"Mtu gani?"

Ambwene alimtazama kwa huruma, yeye aliyekuwa anamwaga damu alimwonea huruma mzima.

"Muulize mwenye mtandao."

Lusungu hakutaka kuelewa. Alichotaka ni kufunga mguu ule. Shuka ilikuwa pale, hatua chache nyuma, nyeupe kwenye ukungu. Alijinasua, akaikimbilia, akainama kuiokota.

Koh. Koh.

Alipogeuka, kazi ilikuwa imekwisha. Ambwene alikuwa ameketi wima, ameegemea mgomba, panga limekaa shingoni mwake na mkono wake mwenyewe bado umelishika mpini. Kichwa kilikuwa kimelala begani kama cha mtu anayesinzia kanisani. Kilikuwa kimeshikwa na ngozi tu. Midomo ilikuwa bado inacheza.

Lusungu hakupiga kelele. Wazo jingine lilikuwa limeshatangulia.

Simu ya Nelson.

Simu ya Nelson iliujua mtandao. Isingehitaji kuguswa. Ikikaribia nyumba itaingia yenyewe, mfukoni, mwenyewe hana habari.

Alimpigia. Ikaita. Ikaita. Nelson alikuwa kwenye pikipiki na kofia ngumu kichwani. Ikakatika.

Alikimbilia ndani akachomoa waya ukutani. Kwenye ufa wa dari, mwanga mdogo wa bluu uliendelea kupepesa. Betri. Alivuta meza, akapanda, akapiga sanduku la chuma kwa mchi. Sanduku lililia kama kengele. Kufuli lilimtazama. Mwanga ukaendelea, taratibu, kama kitu kinachopumua.

Alimpigia Faraji huku ameshatoka nje, anakimbia kuteremka barabarani. Aliwaza kitu kimoja. Akifika mbele ya Nelson kabla Nelson hajafika kwenye mtandao, akasimama njiani, mzee atashuka tena. Atampisha tena. Maadamu sharti bado liko.

"Kaka Faraji, funga mtandao wetu. Sasa hivi!"

"Dada, tulia, kuna nini? Mbona unahema?"

"Ufunge!"

"Sawa, hilo dogo, nafunga nikiwa huku huku dukani. Nipe jina la mtandao. Nina wateja wengi."

Lusungu alifungua mdomo.

Mdomo ulibaki wazi. Ukungu ukaingia, baridi, ukagusa ulimi.

Akilitaja, sharti limevunjika. Sharti likivunjika, hakuna tena wa kupishwa.

"Ni... la baba yake Nelson."

"Baba yake Nelson anaitwaje?"

"Siwezi."

"Huwezi? Umelisahau?"

"Ni mkwe wangu, kaka."

Faraji alielewa. Babu zake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa hapa Tukuyu, mambo hayo alikuwa ameyasikia.

"Basi liandike unitumie."

"Kuliandika ni kulitaja. Lipo kwenye Biblia. Ni kitabu kinachofuata Danieli."

"Dada yangu, mimi Mwislamu! Danieli namsikia. Anayemfuata simjui."

Siku nyingine wangecheka. Mbele yake, ndani ya ukungu, pikipiki ilianza kunguruma ikipanda mlima.

"Uliza mtu! Uliza yeyote!"

Alisikia ndala za Faraji zikikimbia, mlango wa bati, sauti yake ikiwa mbali na simu. "Mama Anyitike! Kwenye Biblia yenu, baada ya Danieli anakuja nani?"

Mwanamke akacheka. "Vipi, Faraji, unataka kubatizwa?"

"Mama, haraka!"

"Hosea."

Taa ya pikipiki ilitokea kwenye kona ya chini, kubwa, ya manjano. Faraji alirudi sikioni mwa Lusungu.

"Hosea?"

Lusungu alifumba macho. "Ndiyo."

Alisimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza. Pikipiki ikafunga breki, ikateleza kwenye matope, ikasimama karibu imguse goti. Dereva alikuwa peke yake.

"Mama, unataka kufa?"

"Nelson yuko wapi?"

"Abiria wangu? Kashukia kule kona ya miparachichi, anajua njia ya mkato. Simu yake ililia, akaiangalia, akasema imeshashika mtandao wa nyumbani. Mimi nashangaa, toka kule? Kanilipa, kaingia migombani. Nimekuja kugeuzia huku."

Kona ya miparachichi ilikuwa mbali. Hakuna mtandao wa nyumba uliowahi kufika kule.

"Dada?" Ilikuwa sauti ya Faraji. "Nimeufunga. Nimebadilisha na jina, nimeweka na neno la siri. Tulia sasa. Kulikuwa na simu moja ndani, ilikuwa imeingia muda si mrefu. Nilipofunga imetoka."

"Imetoka kwenda wapi?"

"Imetoka tu, dada. Haimo tena."

Lusungu alirudi mlimani anakimbia, ndala moja imebaki matopeni, anaita jina la mumewe. Alisikiliza sauti ya panga. Alisikiliza kilio. Hakukuwa na kitu. Matone tu, kutoka jani hadi jani.

Na pale migombani, karibu na maiti ya Ambwene, Nelson alikuwa amesimama.

Mzima.

Alikuwa amempa mgongo. Mikono miwili, miguu miwili, shingo yake ipo, koti lake la Mbeya halina hata tone. Lusungu alilia kwa sauti, machozi na makamasi pamoja. Simu ya Nelson ilikuwa imeanguka matopeni, kioo kinaangaza juu. Nelson alikuwa ameinama. Alivitenganisha vidole vya Ambwene na mpini, kimoja kimoja, bila haraka, akalitoa panga shingoni, akalipangusa kwa jani la mgomba. Upande huu. Upande huu. Kama mkulima anayefunga kazi.

"Nelson! Mume wangu! Twende ndani!"

Nelson alisita.

Hakugeuka kumtazama. Alishuka kutoka kwenye njia, akaingia kati ya migomba, akaelekeza uso kwenye majani, akainamisha kichwa.

Akangoja mkewe apite.

Koh. Koh.

Polisi walikuja, wakachukua maelezo, wakachukua mwili. Hawakupata nyayo zaidi ya walizotarajia. Majirani humwambia Lusungu kwamba Mungu amemwona, mume wake amenusurika, tena ameacha kazi ya mjini amerudi kulima, mwanaume ana nguvu kama wa zamani. Yeye huitikia. Chakula hukiacha mlangoni kwenye sinia, hugonga, huondoka. Analala chumba cha jikoni. Tangu jioni ile hajauona uso wa Nelson.

Faraji alikuja asubuhi moja kuondoa vifaa vyake. Alivunja kufuli la sanduku, akakuta kifaa kimezima na betri imekauka. Alishuka ngazi akiwa anaitazama simu yake, amekunja uso.

"Dada, mlifunga mtandao mwingine?"

"Hapana."

"Kuna mmoja hapa. Una nguvu, umejaa kabisa. Jina lilelile nililolifuta." Aligusa kioo, akatikisa kichwa. "Huu una neno la siri. Nani amewawekea? Na mbona... unazidi kusogea?"

Lusungu alirudi nyuma hatua moja.

Nyuma ya ukuta wa jiko, visigino vilikuwa vinakanyaga kokoto taratibu. Faraji aligeukia kona, akatabasamu, akanyoosha mkono amsalimie mwenye nyumba anayekuja.

Koh. Koh.

Lusungu alikuwa ameshashuka njiani, uso ameuelekeza migombani.